Jioni ya Mwisho Kabla ya Bunduki

Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo pekee lililobaki zima, kwamba haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje moja. Nimesambaza barua kwenye Barabara ya Tuttle, huku kwetu kwenye vilima vya Ohio, miaka thelathini na moja, na mtu anayekuletea barua muda wote huo anakujua kuliko daktari wako. Kwa hiyo nikisema Twila Maddox, akiwa ndani ya banda la kuku hatua arobaini kutoka mlango wa jiko lake, alimpiga kulungu dume, amini. Na nikisema pembe za dume yule zilikuwa na ncha kumi na nne, amini pia, haikugharimu kitu.

Ilikuwa Jumapili, siku tatu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Kesho yake alfajiri msimu wa bunduki ungefunguliwa, na kila mtu wa wilaya hii anajua maana yake. Ikilia bunduki ya kwanza, kulungu wote wanaozoea kushuka kula matufaha nyuma ya nyumba za watu wanakimbilia mabonde ya mbali, na huwaoni tena mpaka theluji iyeyuke. Aliyetaka nyama karibu na nyumbani alikuwa na jioni ile moja tu, kwa upinde peke yake, tena mpaka saa kumi na moja na nusu, maana sheria haimruhusu mtu kufyatua baada ya hapo.

Na nyama ilitakiwa. Friza ya akina Maddox ilikuwa na trei mbili za barafu na mfuko wa njegere ambao Delmar alikuwa akiuweka begani. Mwezi wa nne Delmar alianguka kutoka paa la ghala, bega likavunjika vipande vitatu, na kiwanda cha milango kilichomwajiri kikagundua ghafla kwamba hakina kazi ya mtu wa mkono mmoja. Twila alikuwa mpishi kwenye jiko la shule, naye alikuwa amepunguziwa saa za kazi. Nyama ya kusaga dukani ilishafika dola saba kwa ratili.

Lakini si njaa iliyomuuma Twila. Kilichomuuma ni Harlan, kaka mkubwa wa Delmar, aliyefiwa na mke, mwenye kilima chote kilichopakana nao. Kila Desemba Harlan aliwaletea mfuko wa nyama ya kulungu, na hakuuleta nyumbani. Aliuleta ukumbini kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vyao vya kahawa mkononi.

"Shika, shemeji," alikuwa akisema, sauti ikifika mpaka kwa wapiga kinanda. "Msije mkatafuna hewa."

Na Twila alikuwa akishika. Mwaka jana alishika huku akitabasamu, akaenda chooni, akakaa humo mpaka magari yakaondoka.

Mwaka huu aliamua hashiki.

*

"Nipe mimi," Delmar alisema saa tisa alasiri, akiuzungukazunguka upinde uliolala juu ya meza ya jikoni. "Nitafyatua kwa mkono wa kushoto."

"Kwa mkono wa kushoto asubuhi umejimwagia kahawa."

"Kahawa haikuwa na pembe."

"Kaa hapo dirishani, mzee. Wewe ni macho, mimi ni mikono."

Ulikuwa upinde wa kifyatuo, ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, ambao ukishautega unakaa umetegeka mpaka ubonyeze. Twila aliununua kwa mtu aliyekuwa akihama, dola mia moja na themanini, pamoja na mishale mifupi mitatu. Uzi wake ulikuwa mgumu. Ili kuutega unakanyaga kikuku, ile pete ya chuma ya mbele, kwa buti, unashika kamba kwa mikono miwili, unavuta kama unayeng'oa kisiki. Delmar na bega lake asingeweza. Twila alikuwa ameinua masufuria ya shule miaka kumi na tisa. Aliuvuta mara moja, ukalia *klak*, akatazama pembeni kama mtu aliyefunga zipu ya koti.

Wiki tatu alikuwa amefanya mazoezi kwenye gunia lililojazwa matambara. Harlan alimwona siku moja kutoka upande wake wa ua, akaegemea nguzo.

"Shemeji, hicho si cha wawindaji. Upinde wa kifyatuo ni wa akina bibi na vilema."

"Basi tumetimia," Twila alimjibu bila kugeuka. "Bibi mmoja, kilema mmoja."

Harlan mwenyewe hutumia upinde wa kuvuta kwa mkono, na hujivunia hilo kama mtu aliyeuvumbua. Na alikuwa na sababu yake ya kutazama upande ule. Miaka miwili alikuwa akimfuata dume mmoja kwa zile kamera anazofunga kwenye miti. Alimpa jina, kama sisi sote huku tunavyowapa madume wakubwa: alimwita Shemasi, kwa sababu alitembea polepole na kifua mbele kama anayepitisha sahani ya sadaka. Alimwekea mahindi wakati wa kiangazi. Picha zake zilijaa mlango wa friji ya Harlan, mahali ambapo watu wengine huweka wajukuu.

*

Saa kumi na nusu Twila alikuwa amekaa juu ya ndoo ndani ya banda la kuku, upinde magotini, kidirisha cha nyuma kimefunguliwa kiasi cha upana wa kiganja. Mtufaha ulikuwa mbele yake, hatua ishirini na tano. Kuku kumi na moja walikuwa juu ya fito zao wakimlalamikia. Mmoja alishuka, akamkagua, akakaa juu ya buti lake na kukataa kuondoka.

Kutoka pale hakuona kilima. Delmar, kwenye dirisha la jiko, alikiona chote. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Twila.

*Majike wawili juu kushoto.*

*Waache waje,* aliandika yeye.

*Wamekuja. Wanakula.*

*Nawaona, Delmar. Supu inaendeleaje?*

*Usiniulize supu.*

Wale majike wawili walitafuna matufaha yaliyooza kwa sauti kubwa kama watoto wa shule. Twila angeweza kumchukua mmoja. Nyama ni nyama. Aliinua upinde, akaweka jike wa karibu kwenye alama, kidole kikaanza kukaza. Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikatetemeka mara ya tatu.

*TWILA*

*TWILA*

*SHEMASI*

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Majike waliinua vichwa pamoja wakatazama juu. Akasikia majani makavu yakikanyagwa polepole, bila haraka yoyote, kisha akaingia mwenyewe kwenye kile kipande cha dirisha: shingo nene kama gogo, pua ikitoa mvuke, ncha kumi na mbili kichwani. (Nilisema kumi na nne? Kulikuwa kunaingia giza.)

Kuku wa kwenye buti akaanza kutetea.

"Nyamaza," Twila alimnong'oneza. "Nakuomba. Nitakupa mkate mzima."

Shemasi akageuza masikio kwenye banda. Akatazama moja kwa moja dirishani. Twila aliniambia hakupumua, na mimi naamini, maana hata leo akilisimulia hilo anabadilika rangi. Simu nayo ilikuwa ikitetemeka mfululizo kama nyuki kwenye chupa, Delmar akiandika *PIGA PIGA PIGA PIGA* kwa kidole gumba cha kushoto. Kisha jike mmoja akapita mbele, na Shemasi, akiwa katika msimu wake wa kuoa, akasahau banda, akasahau kuku, akasahau akili zake zote, akageuka kumnusa. Ubavu wote ukawa wazi.

*Twak.*

Dume aliruka mgongo ukiwa umepinda, akakimbia kupanda kilima, akaruka ua wa waya, akapotea. Kuku kumi na moja waliruka kila upande. Twila alitoka bandani amejaa manyoya mpaka kwenye kope, na Delmar alikuwa tayari anakuja mbio kutoka jikoni, soksi tupu kwenye ardhi ya baridi.

"Umempiga! Umempiga, mama!"

"Sijui! Delmar, sijui!"

"Mkia ulilala! Aliyekoswa anainua mkia, yule aliuficha! Umempiga!"

Akamkumbatia kwa mkono mmoja, na wote wawili wakarukaruka pale uani kama walioshinda bahati nasibu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nne.

*

Ukimpiga kulungu kwa mshale humfuati papo hapo. Unampa nusu saa alale chini. Ukimfuata mapema anainuka na kwenda maili tatu. Ile nusu saa ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Twila alichambua manyoya kwenye nywele, akazima supu iliyokuwa imeungua, akavaa tena koti, akalivua, akalivaa. Kisha wakaenda chini ya mtufaha na tochi, wakauona mshale umejichoma ardhini ng'ambo ya pale dume alipokuwa amesimama. Ulikuwa umempita katikati na kutokea upande wa pili.

Delmar aliuinua, akaunusa, akaumulika. "Nyekundu ya kung'aa. Ona mapovu. Mapafu hayo. Haunuki utumbo hata kidogo."

Damu iliwaongoza mpaka kwenye ua. Pale wakasimama, maana upande wa pili ni shamba la Harlan, na huku kwetu huvuki ua kufuata mnyama bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi, hata awe ameangukia hatua mbili ng'ambo, hata mwenye ardhi awe kaka yako. Twila akaanza kutafuta simu ampigie. Hakuhitaji. Tochi ilikuwa inawaka juu kilimani, na chini ya tochi alikuwa amesimama Harlan, mguu mmoja kando ya Shemasi, upinde wake ameulaza juu ya mbavu za mnyama.

"Shemeji!" aliita Twila. "Huyo ni wangu! Naomba kuvuka!"

"Wako wa wapi? Nimempiga mimi, dakika arobaini zilizopita! Amepita chini ya mti wangu, nikaachia, akaenda hatua thelathini akadondoka!"

Na Harlan hakuwa akidanganya. Alikuwa juu ya mti wake tangu saa nane, miguu imekufa ganzi. Alisikia *twak* akadhani ni mlango wa nyuma wa Delmar, ambao hupigwa hivyo. Mara Shemasi akaja mbio, miaka miwili ya picha ikipita chini yake, akaachia mshale, na dume akaanguka. Wewe ungefikiri nini? Mshale wake aliutafuta kwenye majani asiuone, akasema utakuwa umevunjikia ndani.

"Naomba kuvuka," Twila alisema tena.

"Omba vizuri, basi. Sijasikia 'tafadhali'."

Delmar alishika waya kwa mkono wake mzima. "Harlan, usimfanyie hivyo mke wangu."

"Niache, mzee," Twila alisema. Akamgeukia Harlan. "Tafadhali, shemeji. Naomba nivuke."

"Njoo uone. Usiguse."

Wakavuka. Wakabishana juu ya mzoga unaotoa mvuke mpaka sauti zikafika kwangu ng'ambo ya barabara. Twila akiwa ameshika mshale wenye damu, Harlan akisema hiyo inaweza kuwa damu ya jike. Mwisho Harlan akasema aitwe mtu asiye na upande. Wakaniita mimi.

*

Nilipanda kilima kwa goti langu moja. Nikapiga magoti kando ya mnyama, nikavaa miwani, nikafunua manyoya. Kila mwindaji ana chembe yake, kile chuma chenye makali mbele ya mshale. Ya Harlan, ya kizamani, ina makali mawili, nayo huacha tundu kama la sarafu kwenye kibubu. Ya Twila ina makali matatu, nayo huchana ngozi pande tatu. Nikatazama. Nikasimama. Nikasema kwa sauti iliyotikisa mialoni:

"Harlan Maddox, hili tundu lina pembe tatu. Wewe umefyatulia maiti inayokimbia, tena ukaikosa. Kulungu ni wa Twila."

Harlan alivua kofia.

"Nimemlisha miaka miwili," alisema.

"Najua, shemeji," alisema Twila. "Ndiyo maana ana mafuta."

Delmar akaanza kucheka, halafu mimi, na mwisho hata Harlan sauti ilimtoka puani. Kumburuta dume yule kunahitaji mabega, na kati yetu wanne mabega mazima yalikuwa saba. Harlan alishika pembe moja, Twila nyingine. Gerejini kwa Delmar tulimtundika kwenye boriti, na ni Harlan aliyevuta kamba wakati Delmar akielekeza kwa mdomo. Zile ncha kumi zikawa zinaning'inia chini ya taa. (Kumi, ndiyo. Taa ilikuwa nzuri.)

Nyama ilijaza friza mpaka njegere zikakosa nafasi. Wiki ya pili Twila alijaza mfuko mmoja, mguu mzima na vipande vya mchuzi, akauchukua kwa miguu kupitia uani mpaka mlango wa nyuma wa Harlan. Angetaka, ukumbi wa kanisa ulikuwapo, na watu na kahawa zao. Yeye alipita nyuma, giza likianza kuingia, akagonga kwa kiwiko.

"Ni wa mchuzi," alisema. "Tia vitunguu vingi."

Harlan aliupokea kwa mikono miwili. Desemba ile hakuleta mfuko kanisani.

Na mimi, kwa uamuzi wangu wa haki, Twila alinizawadia sarara zote mbili, zile nyama laini za mgongoni ambazo mtu hampi hata mama mkwe.

*

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia mwezi wa kwanza, kwenye kifungua kinywa cha kuchangia zimamoto, meza nzima ikiwa imeacha pankeki zake kunisikiliza. Nilipofika kwenye sauti iliyotikisa mialoni nikasimama kabisa, nikanyoosha kidole.

Nyuma yangu kijiko cha chuma kiligongwa kwenye sufuria. Nilikuwa nimesahau nani anapika siku hiyo.

"Endelea, Orrin," alisema Twila, aproni imejaa unga. "Ila umeruka pale mwanzo."

"Mwanzo upi, mama?"

"Ulipofika. Ulipotazama sekunde mbili ukasema, 'Ni wa Harlan, jamani, twendeni, baridi.'"

Meza ikageuza macho. Nikakohoa. "Sikuwa na miwani."

"Ulikuwa nayo. Uliipulizia ukaifuta."

"Kulikuwa na ukungu."

"Orrin," alisema mtu wa meza ya pili, naye alikuwa Harlan, soseji kwenye uma. Masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Mimi nimechoka kukaa na hili. Shemeji, usiku ule nilipojitenga kumpigia simu nilimwambia akisema ni wangu atapata sarara moja."

Ukumbi mzima uliguna kwa pamoja.

"Harlan!" nilisema.

"Nimeshasema, Orrin. Kula pankeki yako."

Basi na niseme yaliyobaki, kwa kuwa yameshamwagika. Ni Twila aliyepiga magoti. Alitoa mfukoni karatasi ya kufutia mikono, ile ya kahawia ya jiko la shule, akaikandamiza kwenye tundu, akaibandua, akaniwekea mbele ya pua na kuimulika. Ilikuwa na nyota ya damu yenye miguu mitatu. Kisha akasema: "Hesabu, Orrin. Halafu useme tena." Nikahesabu. Nikasema tena, mara hii ni wa Twila. Na kesho yake, kwa kuwa niliona hajui habari za simu, nikamwambia kwamba mwamuzi huwa ana ada yake, nikamtajia sarara.

"Zote mbili," Twila aliwaambia watu. "Nikampa. Nilidhani ni desturi."

"Hakuna desturi hiyo," alisema mkuu wa zimamoto.

"Zirudishe," alisema Delmar.

Nilikwenda nyumbani kwa gari, nikarudi na moja, imeganda kama tofali, mwandiko wa Twila bado juu ya karatasi. Nilipita nayo katikati ya meza, watu mia na zaidi wakinitazama, nikamwekea mkononi. Aliipima uzito.

"Na ya pili?"

Nikajipapasa tumbo.

Watu walicheka mpaka kahawa zikamwagika. Twila hakucheka. Alifungua aproni yake, akanivalisha mimi shingoni, akanifunga kamba nyuma mara mbili kama mtoto, akanisukuma jikoni, ambako masufuria ya watu mia mbili yalikuwa yamepangwa na grisi yake. Kisha akarudi akamchukua Harlan kwa mkono wa shati.

"Na aliyetoa ahadi atakausha," alisema.

Saa mbili nzima tulisimama kwenye karai, mimi nikisugua, Harlan akikausha. Maji yalikuwa ya moto, vidole vyangu vimekunjamana. Harlan alitazama mlangoni, akainama kwangu.

"Ungelishikilia lile neno la kwanza, Orrin," alininong'oneza, "kwa sauti kubwa kidogo tu..."

"Nimesikia, shemeji," alisema Twila, na trei nyingine sita za grisi zikatua mbele yetu.